Mgeni Namba Moja wa Mwabuyaga

Ignas wa Kolandoto hakuwahi kusoma ripoti yoyote maishani mwake, mpaka asubuhi moja pale stendi ya Shinyanga alipouziwa maandazi matatu yaliyofungwa kwa ukurasa wa ripoti. Ukurasa ulikuwa na jedwali: wahamiaji kutoka nchi jirani, umri wao, kazi zao, kipato chao na jinsi idadi yao inavyopanda mwaka hadi mwaka. Chini kabisa, mahali ambapo mafuta yalikuwa hayajafika, iliandikwa kwamba maeneo yenye wahamiaji wengi yapewe kipaumbele katika miradi. Mtu mwingine angejifutia mdomo. Ignas aliukunja ukurasa kwa adabu, akautia mfukoni, akapanda basi la Ushirombo.

Ni vizuri kusema mapema kwamba alikuwa na haraka. Kahama alijulikana kama Mchungaji Enock, muuzaji wa mafuta ya kupaka nyayoni ili dhahabu ikufuate. Katoro alikuwa Marcel, fundi wa mashine ya kunusa mawe. Kote huko kulikuwa na watu waliotamani sana kumwona tena. Alitaka pigo moja la mwisho, kisha ahamie Mbeya akaishi kama mtu mwenye heshima zake.

Alishukia Mwabuyaga, kitongoji cha maduara, yaani mashimo ya dhahabu, makarasha ya kusagia mawe na vibanda vya mama lishe. Wakazi wake walitoka kila kona ya nchi, na kitu kimoja kiliwaunganisha: walichukia wageni. Duara likikosa mali, wageni wameimaliza. Ndoa ikivunjika, wageni wameiharibu. Kuku akipotea, mtu alitazama kwanza chungu cha mgeni. Na ukiwahesabu hao wageni wenyewe, walikuwa watatu: fundi cherehani wa Kikongo na ndugu wawili wa Kirundi waliobeba mawe kwenye karasha.

Watu waliongeza wa nne, Mama Apolonia, wakamwita Mkimbizi. Mama huyu aliingia nchini kutoka Burundi mwaka sabini na mbili akiwa mgongoni kwa mama yake, akakulia kwenye makazi ya wakimbizi ya Ulyankulu, akapewa uraia, na cheti chake alikitunza ndani ya mfuko wa nailoni uliokunjwa mara tatu. Mwabuyaga nzima ilikula ugali wake, na hakuna aliyewahi kuomba kukisoma.

Ndiye aliyempangisha Ignas chumba. Alikuwa na sharti moja, kwamba mpangaji huacha kitambulisho cha taifa mpaka siku ya kuhama. Mtu aliyeulizwa karatasi maisha yake yote hujifunza kuuliza. Ignas alikitoa huku akicheka moyoni. Kwa hesabu zake, mkimbizi hawezi kumpeleka mtu kwa serikali hata siku moja. Kwa sababu hiyohiyo alimwomba amfungie stoo mkoba wake, ambao alisema ni vifaa vya utafiti.

Kesho yake alivaa kizibao cha sensa alichokiokota sijui wapi, akaweka meza mbele ya kibanda cha Mama Apolonia, akajitambulisha kama Mtafiti Donatus. Mradi umekuja, alitangaza. Kila mhamiaji atakayeandikishwa atapewa mtaji wa milioni moja na nusu. Wenyeji hawahusiki, na aliwaomba radhi sana kwa hilo.

Mzee Bujiku, mwenyekiti wa kitongoji, ambaye wiki iliyopita tu aliitisha mkutano wa kuwalaani wageni, alikohoa kidogo.

"Sasa Bwana Mtafiti," aliuliza kwa sauti ya chini, "mtu anatakiwa awe mgeni kiasi gani?"

Ignas alijibu kwamba hilo linazungumzika, na mazungumzo yake yana gharama ya picha na laminesheni. Kuwa Mrundi ilikuwa elfu kumi. Mkongo, elfu kumi na tano, kwa sababu ya muziki. Ikafika mahali mchimbaji mmoja wa Mhunze, mweusi tii, akalipa elfu thelathini kuwa Mchina, na fomu yake ikapigwa muhuri bila aibu. Mama mmoja aliandika sababu ya kuhama kuwa ni upepo.

Kwa siku tisa Mwabuyaga ilipata wageni mia nne na kumi na watatu, bila mtu hata mmoja kuvuka mpaka. Wale ndugu wawili wa Kirundi walipojipanga foleni, Ignas aliwafukuza akisema wanavuruga takwimu.

Jioni, akiisha kutia fedha za siku kwenye mkoba wake wa stoo, aliwafundisha. Aliwabandikia ukutani fomu ya mfano, namba moja, yenye picha yake mwenyewe na dole gumba lake: Donatus, amezaliwa Ngozi, Burundi, ameingia kwa mpaka wa Kobero, hana kibali. Akiulizwa lugha yake, mhamiaji aseme "Amahoro", kisha anyamaze kama mtu aliyeumizwa na kumbukumbu.

"Amaholo," alirudia Mzee Bujiku. "Kumbe ni mhola, salamu yetu Wasukuma tu. Hawa watu tumewaonea bure."

Mama Apolonia alikuwa akisonga ugali hapo pembeni. Alipomaliza aliuliza kama na yeye ajiandikishe. Ignas alicheka mpaka kofia ikamvuka.

"Wewe mama mgeni tayari. Itakusaidia nini?"

"Nilisubiri miaka arobaini na miwili niache kuwa hicho wanachokilipia," alisema Mama Apolonia, akageuza sufuria. Ignas hakumsikia, alikuwa anahesabu foleni.

Angeondoka Jumamosi. Bahati mbaya Mzee Bujiku alikuwa kiongozi mwenye maono. Aliona jedwali ambalo Ignas alijazia waandikishwa wake, jinsi wageni walivyopanda kutoka watatu hadi mia nne na ushei, akaona lingefaa kuombea kisima. Ijumaa alilipeleka kwenye ofisi ya kata. Kata ilishtuka, ikalipandisha juu, na huko juu hakuna aliyefikiria kisima. Asubuhi ya Jumamosi malori mawili ya serikali, na gari dogo la polisi nyuma yake, yalisimama mbele ya meza ya Ignas.

Afisa wa uhamiaji aliyeongoza msafara alikuwa dada wa Kikurya, Afande Ghati, mpole wa sauti. Alieleza kwamba wageni wasio na vibali watapelekwa Kobero siku hiyohiyo na kuvushwa. Uhamiaji wote wa Mwabuyaga ukaisha papo hapo. Mchina wa Mhunze alianza kutaja babu zake hadi wa saba kwa Kisukuma, na fomu zilitafunwa hadharani. Kisha vidole mia nne vikamwelekea Ignas: huyu ndiye aliyetutapeli.

"Kama ni tapeli, ni wa polisi," alisema Ghati. "Wewe ni raia?"

Hapo Ignas alifikiri haraka kuliko siku zote. Raia angefungwa, na huko polisi wangeibuka Mchungaji Enock na Marcel fundi. Mgeni angepelekwa mpakani kwa gari la serikali na kuachwa, na baada ya siku mbili angerudi kwa njia za panya kuchukua mkoba wake. Hakuwahi kuona faida ya ugeni waziwazi namna hiyo. Alinyoosha kidole kwenye fomu namba moja pale ukutani.

"Mimi ni Mrundi, afande. Amahoro." Kisha akanyamaza kama mtu aliyeumizwa na kumbukumbu.

Ghati aliuliza nani anajua Kirundi ampime. Mzee Bujiku akasema yupo Mkimbizi. Mama Apolonia alijifuta mikono, akasogea, akamtazama Ignas usoni.

"Nyoko yitwa nde?"

Umati uliguna. Ignas alijaa hasira, maana tapeli naye ana mama.

"Mama, umri wote huo unanitukana matusi ya nguoni mbele za watu?"

"Nimemuuliza mama yake anaitwa nani," Mama Apolonia alimweleza Ghati. "Kwetu mtoto hujua swali hilo kabla hajatembea."

Kisha akafungua fundo la kitenge chake, akatoa kitambulisho cha taifa.

"Ni Mtanzania halisi, afande. Ignas, mzaliwa wa Kolandoto. Wasije wakamwonea kwa kumwita mgeni. Mimi namdhamini."

Ignas alipakiwa kwenye gari dogo la polisi. Kupitia dirishani aliona stoo ikifunguliwa na mkoba wake ukiwekwa juu ya meza yake. Ghati alimwagiza Mama Apolonia, mtu pekee pale ambaye hakuna aliyemdai wala kumshuku, arudishe fedha mbele ya maofisa. Foleni ikajipanga upya, ndefu kama ile ya kwanza. Mama Apolonia alikalia kiti cha Ignas. Wa kwanza alikuwa Mzee Bujiku, kofia mkononi.

"Habari za saa hizi, Mama Apolonia," alisema, na ilikuwa mara ya kwanza kulitaja jina hilo.

"Nzuri, mzee. Umezaliwa wapi?"

"Hapahapa, mama. Mwabuyaga."

"Una cheti?"

Mzee Bujiku hakuwa nacho.