Viti Kumi na Viwili kwa Ajili ya Figo

Jumatatu, 3 Machi
Shemeji yangu mhasibu amekula kwetu mchana, na kwa mara ya kwanza ameacha kitu cha maana mezani. Kasema ukitoa msaada kwa chama cha afya kilichosajiliwa, thamani yake huondolewa kwenye mapato yako kabla ya kukatwa kodi. Pesa au vitu, sawa tu, mradi upate stakabadhi. Nikamwongezea nyama. Muuza magodoro wa duka la mkabala, tunayemwita Bwana Sponji, amekipa magodoro Chama cha Wagonjwa wa Figo, na picha yake imetundikwa kliniki kwao. Anacheka. Sasa najua anacheka nini.

Mimi nauza samani. Stoo nina viti kumi na viwili vilivyokosa mnunuzi miaka sita. Vimebunguliwa.

Jumatano, 5 Machi
Nimevipaka vanishi, nikavibandika bei ya viti vya waziri, nikavibeba mwenyewe hadi kliniki. Mweka hazina wa chama ni muuguzi mstaafu, macho kama sindano. Alikipiga kiti kimoja kofi, kikatema unga. Akauliza unga wa nini. Nikasema poda ya kung'arishia. Akasema kutoa ni moyo, si utajiri. Nikamwambia moyo ninao, ninachokosa ni stakabadhi. Ataiandika viti vikishakaliwa wiki moja. Mwanamke hana imani.

Ijumaa, 7 Machi
Nilisahau jambo moja. Mama mkwe husafishwa damu palepale, mara tatu kwa wiki. Leo alikaa kungoja zamu yake. Kiti kikaachia miguu yote minne kwa pamoja, taratibu, kama ngamia anayepiga magoti. Hakuumia, Mungu ashukuriwe. Alidondokea godoro la Bwana Sponji, na hilo ndilo linaloniuma mimi.

Mke wangu amerudi naye kutoka kliniki. Nikauliza chakula kiko wapi. Kanijibu niwaulize wadudu wangu.

Jumamosi, 8 Machi
Mke wangu kaja dukani na mtu wa mkokoteni. Kachagua viti kumi na viwili, vile vya mbao ngumu vya dirishani, kavipeleka kliniki. Nililia kidogo nyuma ya kabati, kisha nikawafuata. Mama mkwe alikalia cha kwanza, akanishika mkono. "Mwanangu," akasema, "leo nimekaa kama mtu."

Nilijisikia vibaya kwa dakika nne hivi. Kisha mweka hazina akavipiga kofi viti vipya, havikutema kitu, akanipa stakabadhi bila kungoja wiki, bei halisi na mhuri juu. Majuto yakaisha. Jioni hiyohiyo nikajaza fomu za kodi.

Jumanne, 18 Machi
Kaja afisa wa kodi. Mpole sana. Akasema anaushukuru moyo wangu, ila kuna hesabu inamsumbua: mapato yangu ya mwaka mzima, kama nilivyoyatangaza, hayafikii bei ya viti nilivyotoa.

"Mwaka mzima mlikuwa mnakula nini, mzee?"

Nikajibu kuwa mke wangu hupika kidogo. Mke wangu alikuwa nyuma yangu. Akaingia ndani, akamletea afisa daftari langu la kweli bila kuombwa, na kikombe cha chai.

Nitalipa kodi yote, na faini juu. Shemeji anasema ningetangaza mapato ya kweli tangu mwanzo, viti vile vingenipunguzia kodi kihalali, na Bwana Sponji ndivyo alivyofanya, basi. Nikamwambia nimeelewa.

Alhamisi, 20 Machi
Nimeelewa. Kosa langu lilikuwa kuwapa watu wengine.

Tangu nibebe vile viti mgongo unanisumbua, kwa hiyo naanzisha Chama cha Wagonjwa wa Mgongo. Mwenyekiti mimi, mweka hazina mimi, mgonjwa wa kwanza mimi. Nitajipa msaada wa kitanda kabla ya mwisho wa mwezi. Barua ya kujishukuru nimeshaiandika, imenigusa sana.

Fomu ya usajili inataka mlezi, mtu mwenye heshima zake. Nimemwandika yule afisa wa kodi. Sijamwarifu, lakini mtu mpole vile hawezi kukataa.