Sauti ya Duka la Mzee Tulsidas

Jumatatu, 5 Juni 2000

Siku ya siku! Kompyuta imefika dukani. Imetoka Dubai, ikakaa bandarini mpaka nikadhani imeota mizizi, na leo Kartik, mtoto wa Mzee Tulsidas, ameileta kutoka kwao Upanga akiwa ameikumbatia kama mgonjwa. Ina programu ya kurekodi na kukata sauti. Mzee anataka tangazo la vitenge lilie barazani Jumamosi, mkesha wa Pentekoste, Mtaa wa Kongo mzima usikie. Akauliza nani anaijua. Nikanyoosha mkono kabla hajamaliza. Siijui! Lakini mkono ulikuwa umeshapanda, ningeushushaje?

Ahadi ya Mzee: tangazo likinoga, mimi ni Mkuu wa Matangazo. Hapo nimeokoka. Maana Jumamosi hiyohiyo mjomba wake Candida anafika kutoka Masasi. Candida ni fundi anayeshona barazani kwetu. Nampenda tangu alipoitua cherehani yake pale. Hajui. Mjomba analeta posa ya bwana mmoja mwenye shamba la mikorosho. Mimi nakunja vitenge. Mkunja vitenge hashindani na mikorosho. Mkuu wa Matangazo anashindana!

Kizuizi ni Sadalla, mpiga debe wetu, anayeita wateja kwa koo lake miaka yote. Ameitazama kompyuta, akanitazama na mimi, akasema yeye hajawahi kukatika umeme. Wivu tu.

Jumanne, 6 Juni

Kartik amenifundisha. Kijana mzuri, ila anaeleza sana. Sauti inaonekana kwenye skrini kama mstari wenye vilima. Kijiti chekundu kinatembea juu yake kutoka kushoto kwenda kulia. Kilipofika ndipo unaposikia. Kitufe kirefu cha chini: bonyeza, inacheza, bonyeza tena, inasimama palepale. Alama ya duara: kipande ulichokipaka rangi kwa mausi kinajirudia. Akaanza habari ya kitu fulani cha kuburuta kule chini kabisa ya skrini. Nikamwambia nimeelewa, bosi mdogo. Akaenda zake.

Nimerekodi stoo, katikati ya marobota. "Karibu kwa Tulsidas! Rangi haichuji, bei haichubui!" Nimetunga mwenyewe. Nilisisimka mpaka visigino.

Halafu nikajiona niko peke yangu, nikafanya mazoezi ya maisha. Nikamwigiza Mzee. Nikampa Sadalla vidonge vyake. Nikapiga magoti mbele ya robota la bluu, nikalifanya mjomba, nikaliomba Candida. Robota lilinisikiliza kwa heshima kubwa. Baadaye nikakumbuka kwamba sijazima kurekodi! Nikakimbilia skrini. Tangazo langu limejaa kutoka ukingo hadi ukingo, kilima cha mazoezi sikuona hata kimoja. Kompyuta ina akili jamani. Imechukua la maana, imeacha upuuzi.

Jumatano, 7 Juni

Kuna kikohozi katikati ya tangazo. Nikabonyeza alama ya lenzi, ile ya kukuza, ili nikione vizuri. Nikabonyeza tena na tena. Vilima vyote vikatoweka, ukabaki mstari ulionyooka kama kamba ya kuanikia nguo. Nimeifuta sauti! Nikamwomba Mtakatifu Antoni, mpataji wa vilivyopotea, halafu nikabonyeza lenzi ya pili. Vilima vikarudi, vikasinyaa, vikajibana kushoto, na upande wa kulia vikatokea vilima vingi nisivyovijua. Nyimbo za Kartik hizo, nikasema. Nikavuta karibu upesi, mali ya watu isiguswe.

Kikohozi nimekikata. Imechukua siku nzima, kwa sababu sijui kuanzia katikati, kila mara nasikiliza tangu mwanzo. Candida ameniambia dirishani kwamba sasa hata cherehani yake inasema bei haichubui. Ameniambia akicheka! Kicheko kile nimekwenda nacho nyumbani.

Alhamisi, 8 Juni

Mpango wa Sadalla. Baridi huharibu koo, kila mtu anajua. Basi nikanunua ukwaju wa barafu, vikombe viwili vikubwa, nikampelekea kwa unyenyekevu. Akanishukuru sana, akasema kifua chake hakipatani na baridi, yeye ni wa tangawizi. Nikabaki na vikombe barazani. Kumwaga ni dhambi. Nikanywa vyote viwili.

Ijumaa, 9 Juni

Sina sauti. Nimeamka nikataka kusema shikamoo kwa mama mwenye nyumba, kikatoka kitu kama mlango wa kabati. Candida amesema mchimba kisima huingia mwenyewe. Amejuaje? Sadalla amenipa tangawizi yake bure. Sijui kwa nini, na imenikera.

Haidhuru! Sauti yangu nzuri imo ndani ya kompyuta, haiugui.

Jumamosi, 10 Juni

Nitajaribu kuandika kwa mpangilio.

Asubuhi spika mbili barazani, watu wamefurika. Mjomba akafika, mfupi, kofia, kibati cha ugoro. Kartik hayupo. Nikawasha alama ya duara ili tangazo lijirudie, nikabonyeza kitufe kirefu. Likalia! Rangi haichuji, bei haichubui! Watu wakageuka mpaka ng'ambo ya mtaa. Mzee akatikisa kichwa kwa raha. Kijiti chekundu kikafika ukingo wa skrini, kikatoka nje. Mwisho, nikajua. Nikaenda barazani kupokea pongezi.

Kimya kidogo. Kisha nikasikia, kwa sauti yangu, mtaa mzima: "Mimi Tulsidas, nikihesabu vitenge nahesabu na kivuli chake!"

Vikafuata vile vidonge vya Sadalla, kwamba koo lake ni la bata aliyekanyagwa. Nikataka kupiga kelele kuvifunika. Kikatoka kile kimlango cha kabati.

Nikakimbilia ndani. Kitufe kirefu: ikasimama. Ahsante Mungu! Nikabonyeza tena ili tangazo lianze upya. Halikuanza upya. Likaendelea palepale lilipoachia! "Mjomba, shikamoo. Mimi Melkiori. Sina korosho." Nikashika mausi nikifute kipande hicho chote, nikakipaka rangi, nikabonyeza nisichokijua. Hakikufutika. Duara ilikuwa inangoja kupewa kipande, nami nikaipa. Ikaanza kuzunguka:

"Kama hamnipi Candida, nipeni hata cherehani yake niwe naitazama! Kama hamnipi Candida, nipeni hata cherehani yake niwe naitazama!"

Mara ya kwanza watu walicheka. Baadaye wakaanza kupiga makofi kwa kufuatisha. Kisha wakaimba, wachukuzi, akina mama wa mbogamboga, na padre mmoja aliyekuja kununua kitambaa. Nikauendea waya wa umeme niung'oe. Mzee Tulsidas akanidaka mkono. Wateja walikuwa wanaingia! Akaniambia nikithubutu kugusa waya atanikunja mimi badala ya kitenge. Na Sadalla, Sadalla niliyemwita bata, akapanda juu ya kiti na koo lake lote: Mpeni Candida! Anayempenda Candida anunue doti! Wakanunua. Vitenge vya maua ya njano vimekwisha kabisa.

Nikatoka kama mtu anayekwenda kunyongwa. Mzee akanikabili kwanza. Alikuwa na lalamiko moja: simwigizi vizuri. Akaniigizia mwenyewe jinsi anavyosema. Kuhusu ukuu wa matangazo, Sadalla anabaki na baraza, mimi nirudi kwenye kukunja.

Mjomba akavuta ugoro, akauliza kama ni mimi ninayezungumza ndani ya masanduku. Nikaitika kwa kichwa. Akasema huyu wa mikorosho alituma barua, huyu ametuma masanduku, je, siku hizi hakuna mwanamume mwenye mdomo?

Nikafungua mdomo. Hewa.

Candida alikuwa ameinamia cherehani, mabega yanatikisika. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka mpaka amevunja sindano! Akamnong'oneza Sadalla, na Sadalla akatangaza kwa mtaa mzima: kesho baada ya misa, saa nane, nyumbani kwa dada yake Candida, Ilala. Melkiori aje aseme maneno yaleyale kwa mdomo wake. Akisema, jibu la Candida analo tayari, na si baya. Akija na mashine yoyote, Candida anakwenda kwenye korosho.

Si baya! Si baya! Nimerudi nyumbani nikirukaruka, nimewagonga watu wawili na kuku.

Jumapili, 11 Juni, Pentekoste

Sauti imerudi! Tangawizi ya Sadalla. Misani nimeimba mpaka waliokuwa mbele yangu wamehama benchi.

Lakini nimewaza. Mdomo hutetemeka, mdomo husahau. Tangazo halitetemeki. Na kosa la jana nimeligundua, ni ile duara. Duara ni mbaya, nisiiguse tena. Mengine yote nilifanya sawasawa.

Basi nimefungua duka kwa ufunguo wa Mzee, nimerekodi maombi yangu safi kabisa, nikakata kila kigugumizi. Nimeihamishia sauti yote kwenye kaseti, tangu mwanzo mpaka kompyuta iliponyamaza yenyewe. Sikuingoja, nilikuwa nje napiga pasi shati. Redio ndogo itakaa ndani ya koti, mimi nitachezesha midomo. Candida hataona mashine yoyote.

Nilipomaliza maombi nilifurahi mno, nikamwigiza mjomba kidogo. Anavyovuta ugoro, anavyopiga chafya, na kile kimo chake. Nilicheka peke yangu mpaka machozi, ndipo nikazima kurekodi.

Nimekagua skrini kutoka ukingo hadi ukingo. Safi kabisa. Mjomba hayumo.

Saa nane inakaribia. Kaseti iko mfukoni.