Keki ya Krimu Mwezi wa Joto

Jumatatu, 5 Februari

Joto! Karakana imekuwa tanuri. Leo nimeweka kichwa ndani ya friji ya mteja muda mrefu kuliko kazi ilivyohitaji, na mwenyewe akanikuta humo. Nikamwambia nasikiliza mota.

Jioni kulikuwa na kikao cha harusi ya mwanangu. Sebuleni kwangu, kwenye viti vyangu, na mimi ndiye wa mwisho kupewa habari. Harusi ni tarehe 24. Kesho yake anaondoka na mumewe, yule mpima ardhi ninayemwita Mrefu kwa kuwa kila akija hugonga kichwa kwenye mlango wangu. Amehamishwa kikazi. Mbali! Safari ya siku mbili kwa basi. Na huyu ndiye mtoto wangu wa pekee. Tangu mama yake afariki, nyumba hii tumebaki wawili na redio.

Mwenyekiti wa kamati ni dada yangu mkubwa. Amejiteua. Akagawa kazi kama anayegawa karata: ukumbi huyu, muziki yule. Nikauliza, na mimi baba mzazi je? Akasema nishughulikie keki, huko siwezi kuharibu kitu. Wote wakacheka. Na mimi nikacheka, kulinda heshima ya nyumba.

Lakini kichwa kinachemka! Marehemu mke wangu alikuwa akisema binti yake atakata keki nyeupe ya krimu, ngazi tatu. Krimu, kwa joto hili? Itatiririka kabla mgeni wa kwanza hajakaa. Hoja yangu basi ni nyepesi: keki ya mama haiwezekani sasa, tusogeze harusi hadi majira ya baridi. Miezi mitano! Katika miezi mitano lolote laweza kutokea. Mrefu anaweza kurudishwa huku. Anaweza hata kufupika.

Jumatano, 7 Februari

Nimekwenda kwa Mama Keki, fundi wa keki wa mtaa wa pili. Kaduka kadogo, feni moja, unga mpaka kwenye nyusi zake. Nikamweleza kwa sauti ya huzuni kwamba natafuta keki inayofaa msimu huu, ila nahofia hakuna. Nilitaka aseme tu hakuna. Neno moja!

Akasema zipo tele. Keki ya limau, nyepesi, inamfaa mtu aliyetokwa jasho. Keki ya matunda yenye sukari ngumu juu, hata ukiianika haiyeyuki. Akaniwekea vipande kwenye kisahani. Vitamu, kwa bahati mbaya. Nikala vyote huku nikitikisa kichwa.

Nikamwambia binti yangu akila limau anavimba macho. Uongo ulinitoka wenyewe. Mama Keki akashtuka, akachukua simu, akampigia mwanangu papo hapo! Kumbe wanajuana. Kumbe mwanangu alikuja hapo wiki iliyopita na akala limau mpaka basi. Nikaambiwa na Mama Keki, taratibu kabisa, kwamba pengine nimemchanganya na mtoto mwingine. Mtoto gani mwingine?

Nyumbani mwanangu alikuwa ameshapika. Aliniwekea chakula, akaniangalia kwa muda, akaenda kukunja nguo zake. Anazikunja siku hizi. Zamani alikuwa anazirundika.

Jumapili, 11 Februari

Leo ilikuwa siku ya jaribio. Maneno hayatoshi, watu waone kwa macho! Niliagiza keki ndogo ya krimu, nikaiweka juu ya meza uani, saa sita mchana, katikati ya jua. Kamati nzima nikaipanga kwenye kivuli. Nikasimama kando ya meza kama daktari na maiti.

Nikawaambia watazame, krimu itaanza kulia. Hapo hapo likaja wingu. Wiki tatu hakuna wingu! Likakaa juu ya ua wangu kama limepangishwa. Kisha upepo, upepo mzuri kabisa, wa kulaza mtu. Tukangoja. Dada yangu akasinzia. Keki imesimama wima kama askari. Alasiri Mrefu akauliza kwa adabu kama inaruhusiwa kuliwa.

Dada yangu akaamka, akaitazama, akatangaza kwamba kumbe krimu inawezekana! Akanipongeza mbele ya watu. Miaka hamsini sijawahi kupongezwa na dada yangu, na amechagua leo. Ikapitishwa: krimu, ngazi tatu, tarehe ile ile.

Nilikuwa naondoa sahani mwanangu aliponifuata jikoni. Alikuwa analia. Akasema alidhani nimesahau keki ya mama, na yeye aliona haya kuiomba kwa msimu huu. Akaegemeza paji la uso begani kwangu, akakaa hivyo. Nikamwambia sikusahau. Hilo angalau ni kweli.

Ijumaa, 16 Februari

Sasa nimekwama. Keki ikiyeyuka ukumbini, harusi haiahirishwi ng'o. Itabaki aibu, na aibu itakuwa ya mama yake. Kwa hiyo mimi, mpinzani wa harusi hii, ndiye ninayehangaika krimu isimame!

Nimeamua kutumia friza ya kusimama ya muuza nyama, iliyo karakanani kwangu kwa matengenezo. Mwenyewe kakubali, kwa sharti nimpelekee kipande. Kubwa, mota mpya, ina kufuli. Harufu ndiyo taabu. Mrefu amekuja kunisaidia kuiosha bila kuitwa. Nilitaka kumfukuza lakini mikono yake inafika juu.

Huku akisugua akasema kwamba nyumba waliyopewa ina chumba cha nyuma chenye dirisha kubwa, na wao wangefurahi kikipata mtu. Nilijua anamsema nani. Nikamjibu kwamba watu wa hapa wana mafriji yao na fundi ni mimi. Akasema ndiyo, baba. Akarudi kusugua. Nimejaribu kumchukia jioni nzima, chuki haikai.

Jumapili, 25 Februari

Limeondoka. Basi, nasema.

Niandike ya jana. Keki ilikuwa nyeupe, ngazi tatu, Mama Keki alijishinda. Niliiingiza kwenye ile friza, tuliyoihamishia nyuma ya ukumbi, kwa hofu ya joto nikazungusha kitufe cha baridi mpaka mwisho wake, nikafunga kufuli. Kisha likanijia wazo. Keki ikishakatwa, sherehe imekwisha. Isipokatwa? Nikatia ufunguo kwenye soksi.

Muda wa keki ulipofika nikapapasa mifuko yote, nikashika kichwa. Ufunguo umepotea! Dada yangu akapekua ukumbi mzima, akawatazama wapishi vibaya. Nikajitolea kwenda kutafuta nje. Nikakaa kwenye kreti la soda karibu na friza, nikiisikiliza ikinguruma.

Mwanangu akaja peke yake, kashika gauni lisiguse chini.

"Baba, naomba ufunguo."

Nikauliza ufunguo gani.

"Ulio kwenye soksi. Unachechemea."

Nikamwambia keki ikikatwa ndiyo mwisho, ataondoka.

"Nitaondoka hata isipokatwa, baba."

Hakusema kwa hasira. Ndiyo maana iliuma. Nikavua kiatu, nikampa ufunguo.

Keki ikaingia ukumbini kwa vigelegele. Wakashika kisu wawili, wakabonyeza. Kisu hakikuingia! Mrefu akaweka uzito wake wote, meza ikalia, keki haikutikisika. Jiwe tupu. Mshereheshaji akatangaza kwamba keki imegoma. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na dada yangu akanitazama kwa jicho ninalolijua tangu utotoni.

Ikabidi kungoja ilainike. Wageni wakarudi kucheza. Mwanangu akavua viatu, akaja kukaa kiti cha pembeni yangu, miguu yake juu ya kiatu changu kama alipokuwa mdogo. Hatukuzungumza lolote la maana. Akaniambia wali niupunguzie maji. Akaniambia shuka safi ziko rafu ya chini. Nikamwambia akae upande wa basi usiopigwa na jua. Nilitamani krimu ile isilainike maisha.

Ililainika. Akakata, na kipande cha kwanza akanilisha mimi. Kati kilikuwa bado barafu. Nikafuta macho, nikawaambia watu ni meno.

Alhamisi, 29 Februari

Nyumba kimya. Wali umeungua, nilipunguza maji mno. Dada yangu kaja kunisema, kanisema, kisha kafagia na kuondoka bila kumaliza maneno yake.

Jioni mwanangu amepiga simu. Wamefika salama, nyumba ina upepo, chumba cha nyuma bado kitupu. Nikamwambia mimi ni mzima kabisa, kazi nyingi, sina nafasi. Kisha, sijui ilitoka wapi, nikakohoa. Kidogo tu. Akauliza kama naumwa. Nikasema hapana, hapana, vumbi. Akaniuliza tena kwa sauti ile ya wasiwasi, na akasema lazima apige kesho kunijulia hali.

Apige kesho!

Nimekuwa nikifanya mazoezi mbele ya kioo. Kikohozi cha kifuani ndicho kinachosikika vizuri zaidi. Nikikohoa hivi mpaka Jumapili, lazima watapanda basi.