Biriani ya Mkwe na Kocha Mahfoudh

Jumamosi, 9 Novemba

Bado naamka nikidhani naota. Nafungua macho, Thuwaiba yupo. Nayafumba, nayafungua tena, bado yupo. Sijui ni dua ya nani iliyonifikisha hapa.

Nywele zake zinanukia asumini hata anapokaanga samaki. Nimemwambia hivyo leo. Akaniambia nitoke jikoni, mafuta yanaruka.

Jambo moja tu linanikera. Jioni alikuwa akitazama picha za harusi yetu kwenye simu. Alipofika kwenye picha ya binamu yake Sami akasema, bila hata ya kufikiri, kwamba Sami mwili wake umejengeka. Kisha akapita kwenda picha inayofuata. Mimi sikupita. Mimi nimebaki pale pale kwa Sami.

Huyu Sami ndiye ambaye mashangazi zake wote walidhani atamuoa Thuwaiba. Hakumuoa. Nimemuoa mimi Suud, muuza vitambaa wa Darajani, alhamdulillahi. Lakini Jumapili ya tarehe 24 ukoo wao mzima unakwenda Bububu kwa pikiniki, na pale ufukweni wanaume huvua mashati.

Nimejitazama kwenye kioo cha kabati. Fungate iliisha zamani, lakini mama mkwe wangu, Bi Zeyana, hajaacha kutuletea chakula cha mchana. Pilau, boko boko, biriani. Tumbo langu limeitikia kila mwaliko.

Azma: siku hiyo Thuwaiba atanitazama mimi na kusema neno lile lile. Nitamfanyia kwa siri. Zawadi haitangazwi.

Jumapili, 10 Novemba

Nimempata mtu. Anaitwa kocha Mahfoudh, na jimu yake imo ndani ya ghala la zamani la mbata, uchochoroni Malindi. Shingo hana. Kichwa chake kimeketi moja kwa moja juu ya mabega, kama buli juu ya meza. Nilipomuuliza kasomea wapi, akanionesha simu yake.

Amenipa kanuni. Ya kwanza, nisinywe maji wakati wa mazoezi, kwa sababu mafuta ya mwili yanaungua kwa moto na maji huzima moto. Soda ruhusa, maana soda si maji. Ya pili, hatutagusa miguu kabisa. Miguu ya Mzanzibari inakaa ndani ya kanzu, akasema, nani ataiona? Ya tatu, nisile wali. Wali ni sumu nyeupe.

Nimesisimka. Mtu anayejua mambo yake hutambulika papo hapo.

Jumatatu, 11 Novemba

Nimekumbana na tatizo la wali.

Thuwaiba anasomesha skuli ya watoto wadogo na hurudi alasiri. Mimi hufunga duka adhuhuri na kulikuta sinia la Bi Zeyana mlangoni, limefunikwa kawa. Humwekea Thuwaiba fungu lake, nakula langu, naosha sinia, nalirudisha kwake Kiponda.

Sasa nifanye nini? Kukirudisha chakula haiwezekani. Mjini kwetu bwana harusi akirudisha sinia la mkwe na chakula ndani, watu hawaulizi kama chumvi ilizidi. Wanauliza ana kinyongo gani na mke. Kukitupa ni dhambi. Kumpa jirani ni sawa na kukitangaza msikitini.

Nikamueleza Mahfoudh. Akafikiri kidogo, kisha akasema yuko tayari kunisaidia. Nimpelekee yeye. Nikamuuliza, je, sumu nyeupe? Akasema mwili wake yeye ushaizoea, unajua pa kuipeleka.

Mtu wa kujitolea namna hii sijapata kumuona.

Jumatano, 13 Novemba

Siwezi kunyanyua mikono. Kofia nimeivaa kwa kuinamisha kichwa ndani yake ikiwa juu ya meza. Mahfoudh anasema maumivu ni misuli inazaliwa, na uzazi una uchungu wake.

Leo ameniongezea dawa ya kitambi. Anasaga pilipili mbuzi, anaichanganya na mafuta ya nazi, ananipaka tumboni, kisha ananizungushia nailoni hadi nashindwa kupumua vizuri. Nanyanyua vyuma katika hali hiyo. Yeye anakaa kwenye kigoda, sinia mapajani, na kunihesabia kwa mdomo uliojaa. Akifika kwenye mfupa hesabu inasimama, nami nabaki nimenyanyua hewani.

Thuwaiba aliniuliza kwa nini ninanuka pilipili. Nikasema nimepita karibu na wauza achari. Tangu sasa nitajifukiza udi kila ninapotoka ghalani.

Ijumaa, 15 Novemba

Mzani wa Mahfoudh unasema nimeongezeka uzito. Anasema hiyo ni misuli. Mafuta ni mepesi, misuli ni mizito. Kwa hiyo mwenye kunenepa ndiye anayekonda vizuri. Sikuwahi kulifikiria hivyo.

Bi Zeyana naye amefurahi. Anaona masinia yanarudi yanang'aa, basi anazidisha. Leo ameongeza sambusa na kuku mzima. Ameniambia kijana anayekula namna hii ni kijana aliyetulia ndani ya nyumba yake. Nikaitikia naam, mama. Mahfoudh kamaliza kuku peke yake, maskini, kwa ajili yangu.

Nilipokuwa nikiingia uchochoroni na sinia kichwani, Bi Nasima aliniita kutoka dirishani kwake. Huyu ni mama wa makamo ambaye hakuna kinachopita Malindi bila ya yeye kukiona. Nikamwamkia shikamoo. Marahaba, akasema, na akauliza nani mgonjwa huku, mbona kila siku nampelekea chakula na nikitoka nanukia udi?

Nilikuwa mwepesi wa jibu. Nilimwambia hakuna mgonjwa. Nikasema siri ya furaha yangu imo mle ndani, na nikamuomba sana asimwambie Thuwaiba.

Akaniahidi. Nimemdhibiti vizuri yule mama.

Jumapili, 17 Novemba

Thuwaiba amekuwa mkimya. Jana hakuweka kikuba cha asumini kitandani. Leo nilimsomea maneno niliyomtungia mwenyewe, yenye mwezi na lozi na macho yake, akasema ahsante kama mtu anayepokea chenji.

Nadhani ameanza kuiona misuli na anaona haya. Nimejinyoosha mbele yake mara kadhaa ili kumrahisishia. Akaenda kulala mapema.

Kipenzi changu. Anajizuia.

Jumanne, 19 Novemba

Nitaandika upesi kabla mkono haujaganda.

Adhuhuri nilikuwa nimelala chali kwenye benchi la ghalani, tumbo wazi, pilipili juu yake, nailoni juu ya pilipili. Chuma kimenikalia kifuani na mikono imekataa kukinyanyua. Nilimwita Mahfoudh aje anitoe. Akasema nisubiri, anamalizia paja.

Hapo nikasikia hodi. Haikuwa hodi ya mtu anayengoja karibu.

Akaingia Bi Zeyana, buibui limempanda kwa hasira. Nyuma yake Thuwaiba wangu, macho mekundu. Bi Zeyana akasema atolewe huyo mwanamke, sasa hivi. Mahfoudh akajibu, mdomo umejaa, kwamba hapa hapajapata kuingia mwanamke tangu lilipokuwa ghala la mbata. Bi Zeyana hakuamini. Alitafuta nyuma ya vyuma. Alitafuta chooni. Kisha akaliona sinia lake mapajani mwa kocha, na kawa lake limetundikwa msumarini.

Akasimama akapumua. Nikamuona anatua, kama mtu aliyeambiwa mgonjwa wake amepata nafuu. Halafu akanigeukia.

"Kwa hivyo mwanamke hakuna," akasema. "Chakula changu tu ndicho hukitaki."

Nikajibu kwamba wali ni sumu nyeupe.

Sijui kwa nini nilisema vile. Chuma kilikuwa kifuani, damu haifiki kichwani.

Bi Zeyana akamgeukia Mahfoudh. Akamuuliza, na wewe mwanangu, sumu haijakuua?

"Bado, mama," akasema Mahfoudh. "Lakini leo ndimu ilipungua kidogo."

Bi Zeyana akachukua sinia. Akachukua kawa. Akamchukua Thuwaiba. Chuma wakaniachia.

Nimerudi nyumbani peke yangu. Kanga yake imo mlangoni, kwenye msumari. Nimekaa chini yake. Pilipili bado inawaka, lakini si tumboni ninakoumia.

Alhamisi, 21 Novemba

Jana sikuandika. Mtu ambaye mkewe yuko kwa mamake hana cha kuandika.

Leo baada ya alasiri nimekwenda Kiponda. Nilivaa kanzu yangu ya harusi na nikabeba halua bora kuliko zote nilizoziona sokoni. Bi Zeyana alinifungulia mwenyewe. Hakunikemea. Ilikuwa afadhali anikemee. Akaniketisha mkekani, akaweka mbele yangu sinia la biriani la watu wanne, na akakaa kunitazama. Nikaelewa. Nikasema bismillahi.

Nilikula. Nilipofika katikati nikaanza kulia, kidogo kwa majuto, kidogo kwa sababu biriani ile ni tamu kuliko kitu chochote nilichowahi kuacha. Bi Zeyana akaniuliza ndimu vipi. Nikasema imetosha, mama. Ndipo akamwita Thuwaiba.

Thuwaiba akakaa karibu yangu, akatazama chini. Akaniuliza kwa nini. Nikamwambia yote: picha, Sami, neno lile. Hakulikumbuka. Ilibidi nimkumbushe picha yenyewe. Akaitafuta kwenye simu, akaitazama, akasema alikuwa akizungumza tu.

Kisha akaniambia kwamba siku zile nne alizotembea na maneno ya Bi Nasima moyoni hakuweza kusomesha. Watoto wakiimba, yeye anajifuta macho kwa kifutio cha ubao. Hakujali kama nina kitambi au sina. Alijali kwamba kuna mlango nauingia ambao yeye haujui. Na kifua cha Sami, akasema, ni kizuri cha kupigia picha, lakini ni mfupa mtupu, mtu hawezi kukilalia. Tumbo langu ndilo mto wake.

Mama yake akakohoa na kuondoka na sinia.

Nimeapa pale pale, mbele ya mke wangu. Sitaingia tena ghalani kwa Mahfoudh maisha yangu yote. Sitampa mtu mwingine chakula cha mama. Thuwaiba akacheka, akanirudisha nyumbani. Usiku huu chumba kizima kinanukia asumini. Nimesameheka. Mimi ndiye mume mwenye bahati kuliko wote Unguja, na sasa pia mwenye busara.

Jumapili, 24 Novemba

Pikiniki ya Bububu. Siku nzuri kupita kiasi. Sikuvua shati. Thuwaiba alinilisha katlesi kwa mkono wake mbele ya mashangazi zake wote, nao wakatazamana. Bi Zeyana humuandalia Mahfoudh sahani yake mwenyewe siku hizi, eti kijana yule anajua kuonja.

Sami alivua shati. Nilimtazama kwa moyo mweupe kabisa. Nikamwendea kama ndugu na kumuuliza, kwa kutaka kujua tu, mwili ule kaupata jimu gani.

Akacheka. Jimu hajawahi kuingia. Anauza mitungi ya gesi Mji Mkongwe, na kwa kuwa gari haziingii vichochoroni, anaibeba begani na kuipandisha ngazi. Anasema siri ni kuweka mtungi bega la kushoto, upande wa moyo, ili moyo usikie uzito na upeleke damu kifuani. Na mtu apande bila kupumua hadi ghorofa ya pili.

Yote haya Mahfoudh hayajui. Tatizo halikuwa mazoezi. Tatizo lilikuwa mwalimu.

Sami ni mtu mwema, nilimdhania vibaya. Amekubali nimbebee mitungi yake kila adhuhuri, bure, na yeye atanisimamia kutoka barazani chini, akinywa kahawa. Kiapo changu kinabaki palepale: ghalani sitii mguu, na wali wa mama nitaula wote kwanza.

Kesho naanza na mjane mmoja kijana pale Shangani, ghorofa ya tatu, anaishi peke yake. Nitapita mlango wa nyuma, maana ngazi yake ndiyo nyembamba zaidi na inajenga mwili zaidi. Nimeshaweka udi mfukoni, kwa ajili ya jasho.

Thuwaiba sijamwambia. Safari hii nataka iwe zawadi kweli.