Kamati Maalumu ya Mpira wa Chini ya Mlango wa Zimamoto

Kwa heshima na taadhima, na kwa idhini ya Baraza la Mji wa Dorvik, nautangazia umma kwamba mji wetu sasa una Kamati Maalumu ya Mpira wa Chini ya Mlango. Katika miji mingine ya Manitoba, hata ile mikubwa yenye taa nne za barabarani, mpira wa mlango wa gereji ukichakaa hubadilishwa hivi hivi tu, na mtu yeyote mwenye bisibisi. Sisi hatuko hivyo. Mimi ni Lorne Reimer, Katibu wa Baraza, na nimelitumikia miaka kumi na tisa bila kufanya jambo lolote la haraka.

Mambo yalianza kwa barua. Iliandikwa na Bi Darlene Pankiw, mkuu wa zimamoto wetu wa kujitolea, nyuma ya karatasi ya kalenda: mpira wa mlango umekwisha, upepo unaingia, jana pampu iliganda, naomba futi kumi na nne. Basi. Hakuna kumbukumbu namba, hakuna kichwa cha habari, hakuna hata "wako katika ujenzi wa mji" mwishoni. Niliisoma mara tatu nikitafuta heshima ilipo.

Kwa haki, pampu iliganda kweli. Gari la zimamoto hubeba maji, na maji hayajui itifaki; ikifika nyuzi thelathini na nane chini ya sifuri yanakuwa barafu bila kuomba kibali. Kituo kina hita, lakini mpira ule, ambao kazi yake ni kuziba pale mlango unapokutana na sakafu, ulikuwa umekauka na kupasuka, ukabaki vipande vipande kama meno ya mzee. Upepo ulipita chini ya mlango moja kwa moja hadi kwenye vali za pampu. Nyumba ingeshika moto siku ile, Bi Darlene angefika na shehena ya barafu na pole.

Mheshimiwa Meya, Garth Thorkelson, aliunda Kamati siku hiyo hiyo na kujiteua mwenyekiti. Kikao cha kwanza kilichukua saa tatu, katika chumba chenye joto zuri. Tulijadili kama ni baridi inayoingia au ni joto linalotoka. Suala si dogo. Kama baridi inaingia, hilo ni jukumu la Zimamoto. Kama joto linatoka, ni la Fedha. Mheshimiwa alipendekeza kamati ndogo, na pendekezo likapita kwa shangwe.

Wakati huo Bi Darlene alikuwa ameziba mlango kwa mablanketi na mifuko ya zamani ya hoki, na mara tatu kwa siku alikwenda kuipuliza pampu kwa kikaushio chake cha nywele. Nilikutana naye dukani, macho mekundu.

"Katibu, nalala na buti," aliniambia. "Siku simu itakapolia hiyo pampu itakuwa jiwe, na mtu atapoteza nyumba huku nyie mnatafuta mhuri."

Nilimhakikishia kuwa mhuri haujapotea, uko kwenye droo.

Hatimaye mpira ulinunuliwa. Kwa mujibu wa kanuni zetu, vifaa vya nje huhifadhiwa stoo ya nje, nao ukakaa huko wiki nzima. Ilipofika siku ya kazi, saa tatu kamili asubuhi, fundi Wally Hnatiuk aliutoa. Mzee huyu ameuza mbao miaka arobaini, na nusu ya milango ya Dorvik ameipachika yeye. Aliugonga mpira ukutani, ukalia ko, ko.

"Katibu," akasema, "huu ni mpira au kuni?"

Nilimwonyesha hati, ambapo paliandikwa mpira. Akaniomba auingize ndani ulainike kwanza, angalau nusu siku. Nikamwambia ratiba haina kipengele cha kulainika. Basi akaukunja kidogo ili auingize kwenye reli ya chini ya mlango, nao ukakatika kwa sauti iliyofika hadi posta. Kwenye kumbukumbu niliandika kwamba urefu umegawanywa.

Mpira wa pili Wally aliuchukua bila kibali, akaenda nao nyumbani na kuulaza kwenye beseni la kuogea lenye maji ya moto. Mkewe hakuoga siku hiyo, na mji mzima ulisikia maoni yake. Kesho yake aliuleta umefungwa blanketi, laini kama utumbo. Wakapaka maji ya sabuni kwenye reli ya alumini chini ya mlango, Bi Darlene akavuta huku, Wally akasukuma kule, na ule mpira ukateleza mpaka mwisho bila ugomvi. Tulifunga mlango, tukazima taa. Hakuna hata uzi wa mwanga uliopita chini.

Bi Darlene alipiga magoti, akaweka kiganja sakafuni kutafuta upepo, asiupate. Kisha akacheka, akamkumbatia Wally, na kwa bahati mbaya akanikumbatia na mimi. Sikuwa nimejiandaa. Lakini nilifurahi, na sioni kwa nini nifiche.

Mheshimiwa alikuja kukata utepe. Hotuba yake kuhusu mpira aliouona kwa mara ya kwanza ilichukua dakika arobaini, na mlango ukaachwa wazi muda wote huo ili wananchi wamwone vizuri.

Siku ya kumi, asubuhi, mlango ulifunguliwa kwa ukaguzi wa kawaida. Mota ilivuta, mlango ukapanda, mpira ukabaki sakafuni. Ulikuwa umeganda kwenye saruji, na nusu yake ilichanika kama soksi.

Mheshimiwa aliwaka. Aliita kikao cha dharura ukumbini, watu wakajaa na vikombe vyao vya kahawa na sahani za perogi zilizojazwa viazi, kwa sababu Januari hapa hakuna burudani nyingine. Alisema uzembe wa zimamoto hauvumiliki: wanaingiza gari limelowa, maji yanatiririka hadi mlangoni, usiku yanaganda, mali ya umma inachanika. Kisha akasoma azimio alilonisomea niandike asubuhi ile: yeyote ambaye maji yake yamegandisha mpira, bila kujali cheo, atanyang'anywa haki ya kuegesha ndani, na kila asubuhi atapiga deki sakafu ya kituo kwa mikono yake mwenyewe hadi theluji yote ya Dorvik itakapoyeyuka.

Kila mtu alijua azimio linamlenga nani. Maneno "bila kujali cheo" yaliwekwa kwa ajili ya cheo cha Bi Darlene. Na kila mtu alijua kwamba mwanamke yule angejiuzulu kabla ya kudhalilishwa hivyo, na kwamba hakuna mwingine mjini anayeweza kuiendesha ile pampu. Niliona watu wakiangalia vikombe vyao. Mimi niliangalia mhuri.

Wally akapaza sauti kutoka nyuma. "Garth mwanangu, hebu rudia hapo pa 'yeyote'."

Mheshimiwa alirudia kwa sauti kubwa zaidi. Akaongeza kwa unyenyekevu, "Hata ningekuwa mimi mwenyewe."

Kura zikapigwa, azimio likapita. Akatia sahihi, nikagonga mhuri.

Hapo ndipo Bi Darlene aliposimama na daftari la safari za gari. Si msemaji.

"Gari letu halijatoka siku kumi na moja, Mheshimiwa," alisema. "Ni kavu kama biskuti. Na barafu iko upande wa kushoto."

Sina budi sasa kutaja jambo dogo ambalo sikuona haja ya kulitaja mapema. Upande wa kushoto wa gari la zimamoto huegeshwa gari la Mheshimiwa. Ni kibali cha muda, nilikiandika mimi mwenyewe miaka minane iliyopita, ili kiti chake kisiwe cha baridi atokapo vikaoni. Na hakuna mtu wa Dorvik asiyejua gari linabeba nini chini ya bodi yake mwezi wa Januari. Ni theluji ya barabarani, mabonge kwa mabonge. Ukiliingiza penye joto inayeyuka yote, maji yanafuata mteremko hadi mlangoni, yanakutana na baridi ya nje, yanaugandisha mpira sakafuni. Asubuhi mlango unataka kupanda na mpira hautaki.

Watu walimgeukia Mheshimiwa. Mheshimiwa akasema maji hayana jina, yanaweza kuwa ya yeyote.

"Mko wawili tu mle ndani, Mheshimiwa," Bi Darlene akajibu polepole. "Na mmoja wenu ana king'ora."

Mheshimiwa aliniangalia. Niliangalia karatasi. Wino ulikuwa haujakauka, lakini ulikuwa halali.

Mpira wa tatu uliwekwa, ukiwa umepitia tena kwenye beseni la mke wa Wally, safari hii kwa kibali. Kesho yake saa moja Mheshimiwa alifika na dekio jipya. Wazee ambao kila asubuhi hunywa kahawa pale duka la ushirika walihamia kituoni na viti vyao. Walimshauri sana. Wally alimfundisha kuufuta mpira kwa kitambaa chenye grisi ya silikoni ili usishike sakafu, naye, baada ya wiki moja ya kununa, akaanza kulifanya lile jambo vizuri. Mimi nilipewa kazi ya kusimama pembeni na daftari la mahudhurio.

Mwezi wa pili, nyuzi arobaini chini ya sifuri, bomba la moshi la mjane Signy Bjarnason lilishika moto. Mlango ulipanda kwa ulaini, pampu ikatema maji mara ya kwanza tu ilipowashwa. Bi Signy alipoteza pembe moja ya paa, na keki iliyokuwa kwenye oveni. Bi Darlene alirudi na barafu kwenye nywele, akaenda moja kwa moja kwa Mheshimiwa, aliyekuwa ameinama na ndoo, akampa mkono.

"Sakafu ilikuwa kavu," akamwambia.

Mheshimiwa aliupokea mkono ule kwa mikono miwili. Nadhani ndiyo sifa pekee aliyowahi kupewa bila kuiandika mwenyewe, na nilimwonea fahari, kisha nikaenda nje kupenga kamasi.

Mwezi wa tano nyasi zilipoota aliniletea barua akidai azimio limekwisha muda wake. Nililisoma kwa makini. Linasema theluji yote ya Dorvik. Na nyuma ya uwanja wa barafu lipo lile rundo la theluji ambalo makatapila hulikusanya majira yote ya baridi kutoka kila mtaa, na ambalo kila mwaka hufika mwezi wa sita ndipo liishe. Nilisikitika kumweleza hivyo. Akarudi kupiga deki sakafu kavu.

Leo ni tarehe ishirini na nane Juni. Watoto wanaogelea ziwani, mbu ni wengi kuliko wapiga kura, na rundo lingali na ukubwa wa ng'ombe. Jana Mheshimiwa alikwenda kulikagua, akiwa na fulana na dekio begani. Alikuta limefunikwa maranda ya mbao, mazito na nadhifu, kama babu zetu walivyokuwa wakifunika barafu ya ziwa isiyeyuke, ili wainywe na limau mwezi wa nane. Alikasirika sana, akaamuru uchunguzi ufanyike mara moja, akaniteua mimi mwenyekiti.

Kazi inaendelea kwa uangalifu mkubwa. Hadi sasa nimethibitisha kwamba maranda yaliletwa katika mifuko mitatu. Miwili ina alama za duka la zamani la Wally. Wa tatu niliupeleka mimi mwenyewe, baada ya saa za kazi, na nimeuandikia hati.