Alumini ya Ndege na Kiti cha Mwenyekiti

Jumatatu, 3 Machi

Kikao kimekwisha. Kiti changu kinatikisika!

Niandike kwa utaratibu, maana hasira huvuruga mpangilio. Chama chetu cha Wastaafu wa Komarock kina nyumba ya wageni kule Msambweni, hatua sitini kutoka maji ya chumvi. Miaka sita iliyopita mimi, mwenyekiti wa kamati ya ujenzi, niliichagulia baraza yake ukingo wa mabomba ya chuma. Nilieleza sababu zangu kwa dakika arobaini. Hakuna aliyepinga. Wengi walikuwa wamefumba macho kwa kutafakari. Desemba iliyopita Mama Aluoch, mkuu wa chama, aliuegemea ukingo huo akinywa uji. Kutu ilikuwa imeula kwa ndani. Ukakatika kama muwa. Mama akaangukia maua. Hakikuvunjika kitu ila kikombe.

Leo ametoa uamuzi. Jumamosi tarehe 15 tutachagua metali mpya ya ukingo na uzio. Ambaye metali yake itakubaliwa ndiye atakayeongoza kamati ya ujenzi.

Nilifundisha ufundi wa vyuma miaka thelathini na mmoja. Tangu nistaafu hakuna anayeniuliza kitu. Wajukuu huuliza simu. Ni kwenye kamati tu ndiko bado naitwa Mwenyekiti. Kiti hicho sikiachi!

Mpinzani wangu ni Mwangangi, aliyekuwa dereva wa malori. Alisimama akasema ataleta alumini ya ndege. Ukumbi mzima ukavuta pumzi. Nilisema ndege ni ndege na bahari ni bahari. Akanijibu, "Mwalimu, kama inabeba watu mia mbili juu ya mawingu, itashindwa kumbeba Mama Aluoch barazani?" Kicheko. Mama Aluoch mwenyewe alipiga makofi.

Jumanne, 4 Machi

Nimemweleza Teresiah, mke wangu, jambo lote tangu mwanzo. Alikuwa anachambua maharagwe, kwa hiyo hakuweza kuondoka.

Alumini si moja. Ikiwa safi ni laini, haifai kuegemewa. Lazima ichanganywe na kitu kingine. Mchanganyiko huo huitwa aloi, na kila aloi ina namba yake. Ya ndege huchanganywa na shaba. Shaba huipa nguvu, lakini chumvi ikiikuta huitafuna. Ndiyo maana mabati ya ndege huvishwa ngozi nyembamba ya alumini safi. Ya mashua huchanganywa na magnesi. Hiyo ndiyo 5083, na chumvi huizunguka bila kupata pa kuingilia. Ya fremu za madirisha, 6063, ina magnesi na silikoni kidogo. Inafaa pia, ikipakwa vizuri.

Kwa hiyo ukweli uko upande wangu. Mashua!

Teresiah aliuliza, "Baba Eve, si uwaambie tu hivyo? Hayo umesema kwa dakika mbili."

Mama wa watu. Hajui siasa. Ukweli mtupu haujawahi kushinda uchaguzi wowote niliousimamia, hata wa kiranja. Ukweli unahitaji kusukumwa kidogo kutoka nyuma. Nitafanya jaribio. Vipande viwili, beseni mbili, maji ya bahari. Watu waone kwa macho yao.

Alhamisi, 6 Machi

Siku ya mafanikio.

Asubuhi nilikwenda kwa Wesonga, fundi wa kuchomelea mwenye kibanda karibu na soko la Kariokor. Ndiye aliyeuchomelea ule ukingo wa zamani, na aliniambia wakati ule kwamba chuma hakitadumu. Sijapenda kumkumbusha. Aliniuliza kama nimekuja kununua ama kufunza. Nilimwambia yote mawili. Alikuwa na kipande cha 5083 kilichobaki kwenye mashua ya mteja wa Kisumu. Nimekipata. Hiki ni A.

Mchana nilikwenda Huruma kwa Mwangangi. Nilikuwa nimeandaa uongo wa ngazi tatu ili nimtoe kipande cha ile alumini ya ndege. Kulikuwa na shangazi mgonjwa ndani yake. Nilipotamka tu neno alumini, Mwangangi aliingia ndani, akatoka na kipande kilichofungwa kwenye gazeti, akaongeza na nduma mbili za kuchemsha. Alisema, "Chukua, Mwalimu. Ukijua kitu, uniambie." Hata shangazi hakutumika! Mtu wa namna hiyo ni hatari sana. Hiki ni B.

Jioni nimetengeneza bahari. Gramu thelathini na tano za chumvi kwa kila lita ya maji. Nimejaza mtungi mzima wa bluu ili niwe nabadilisha maji kila siku. Vipande vimefungwa lebo za karatasi kwa uzi.

Marekebisho mawili madogo. Kwanza, nimeikwangua kwa tupa ile ngozi safi iliyokuwa juu ya B. Sayansi inataka ukweli uchi. Pili, nimemimina siki kwenye beseni ya B. Vikombe viwili. Huo si udanganyifu. Msambweni kuna miaka, Komarock kuna siku tisa. Nimeharakisha wakati tu.

Jumapili, 9 Machi

Baada ya kanisa nimekagua. B imefunikwa na unga mweupe. Ina vishimo vyeusi kama uso wenye ndui. A haina hata doa.

Nimeimba kidogo uani. Jirani alifunga dirisha.

Nimeanza kuandika hotuba. Imefika kurasa kumi na moja na bado sijatoka kwenye udongo ambamo alumini huchimbwa.

Jumatano, 12 Machi

Msiba!

Mifereji imekauka tangu jana. Ni zamu ya mtaa wetu kukosa maji, kama kila wiki. Nami nilikuwa nimekwenda kupiga chapa hotuba. Kumbe leo ni zamu ya Teresiah kuwapokea akina mama wa maombi, Mama Aluoch akiwa miongoni mwao. Shemeji yangu Sally alikuja mapema kusaidia. Sally ni mwanamke ambaye hawezi kuona kitu cha alumini bila kukisugua. Sufuria zake ukitaka unaweza kujinyolea ndevu ndani yake.

Alikuta vipande vyangu uani. Akamwaga bahari zote mbili. Akang'oa lebo. Akachukua waya wa kusugulia sufuria na jivu, akasugua A na B mpaka zikang'aa kama macho ya paka. Nilipofika alinikabidhi kwa mikono miwili. "Shemeji, nimekuokoa na aibu. Vilikuwa vichafu kama sufuria ya bachela!"

Nilimweleza kwa upole kwamba waya wa chuma hausuguliwi kwenye alumini ya baharini. Huacha chembe za chuma. Chembe hushika kutu, kutu huleta doa, na chumvi huanzia hapo kutoboa. Mtu yeyote aliyesoma anajua. Aliniambia amesugua alumini miaka hamsini na hajatoboa hata kifuniko.

Lakini hilo halikuwa baya zaidi. Maji ya chai yalitoka wapi, mtaa mzima ukiwa mkavu? Kwenye mtungi wa bluu!

Nilifika sebuleni wakati vikombe vinainuliwa. Hakuna aliyetema. Wametoka katika familia zenye heshima. Mama Aluoch alimeza, akafumba macho, akamaliza kikombe chote, akasema chai ina ladha ya mbali. Kisha akaomba maji ya kunywa. Akaletewa kutoka mtungi uleule.

Amekwenda nyumbani akinitazama.

Alhamisi, 13 Machi

Mtu aliyesoma hakati tamaa. Vipande viwili vinafanana, lebo hakuna. Ipi ni ipi? Nimenunua yale magadi makali ya kuzibulia mabomba ya sinki. Tone moja kwa kila kipande. Chenye shaba hugeuka cheusi, chenye magnesi hubaki cheupe. Baada ya dakika chache kimoja kimekuwa cheusi kama chungu. Nimekutambua, B!

Nimeirudisha B kwenye chumvi. Muda umebaki mfupi, kwa hiyo siki vikombe vinne. A nimeipumzisha.

Teresiah ameuliza tena kwa nini nisiwaambie tu. Nimemwonyesha hotuba. Kurasa ishirini na mbili. Amesema basi, afadhali beseni.

Ijumaa, 14 Machi

B imeoza kwa namna ya kupendeza.

A inanisumbua kidogo. Sally aliisugua kwa mizunguko, na mizunguko inaonekana kwenye mwanga. Siwezi kusimama mbele ya chama na kipande chenye mikwaruzo wakati Mwangangi ataleta bati jipya. Nimeisugua kwa mstari mmoja ulionyooka. Nimetumia waya wa aina ileile, lakini mpya. Na kidogo tu. Najua nilichomwambia Sally. Tofauti ni kwamba yeye alisugua bila kujua madhara, mimi nimesugua nikiyajua.

Inang'aa! Naona meno yangu yote kumi na tisa.

Kisha nimepata wazo la mwisho. Nimeifunga kwa kitambaa kilicholowa maji ya chumvi. Kesho nitaifunua mbele ya watu, ikitoka baharini mbichi. Watashangilia.

Jumamosi, 15 Machi

Niandike kwa utaratibu.

Ukumbi wa kanisa ulijaa. Mwangangi alizungumza kwanza. Aliinua bati lake, akasema ni la ndege, akaketi. Makofi.

Mimi nilianza na udongo. Ukurasa wa tatu Mama Aluoch akaniomba nionyeshe vyuma. Nikaiinua B kwa koleo. Unga mweupe ukadondoka. Watu wakanong'ona. Mwangangi akashika kichwa. Utamu ulioje! Nikasema, sasa tazameni iliyo bora. Nikakifunua kitambaa.

A ilikuwa na madoa ya kahawia kutoka pembe hadi pembe.

Mama Aluoch alisogea, akavaa miwani, akaigusa. Alisema, "Huo unga mweupe siujui. Lakini hii rangi ya kahawia naijua vizuri, Mwalimu. Nimeanguka nayo."

Kicheko hicho nitakisikia kaburini. Nikapiga kelele kwamba kutu si ya alumini, alumini haina kutu ya namna hiyo, kutu ni ya waya! Waya gani, wakauliza. Waya niliosugulia. Kwa nini kipande cha jaribio kinasuguliwa? Sally, aliyekuja bila kualikwa, akasema kwa sauti ya kuridhika kwamba kumbe na shemeji anasugua.

Kisha Mama Aluoch akainamia B. Akanusa. Akanusa tena. Akauliza, "Na bahari ya Msambweni siku hizi ina harufu ya kachumbari?"

Nilikiri siki. Nilikiri na tupa. Nikaanza kueleza habari ya kuharakisha wakati, lakini nikaambiwa niketi.

Wakamwita Wesonga, aliyekuwa mlangoni akisubiri kupima kazi. Akasema, "Mama, nguzo weka 5083, mabomba ya juu 6063 yenye rangi ya unga iliyochomwa tanuruni. Bolti ziwe za chuma kisichoshika kutu, na katikati uweke washa, vile vipete vya plastiki, ili metali mbili zisigusane zikaanza kulana. Ya ndege wachia ndege." Ni hayo tu. Hakumaliza hata dakika. Mikono yote ikapanda.

Metali yangu! Imeshinda! Nilisimama kudai kiti. Mama Aluoch alisema metali ni yangu lakini wameiamini kwa mdomo wa Wesonga, na Wesonga si mstaafu. Hapo Mwangangi akasimama. Alisema yeye hakujua habari ya shaba, alijivunia neno ndege tu, na leo amejifunza kitu. Akaomba radhi kwa kutaka kuwaangusha watu baharini.

Wakampa kiti. Kwa kukosea! Mimi nilikuwa sahihi tangu Jumanne ya wiki jana, na nimerudi nyumbani na beseni mbili.

Jumapili, 16 Machi

Mwangangi amenisubiri nje ya kanisa, kofia mkononi. Ameniita Mwalimu mara tatu. Amesema kiti amepewa lakini elimu hana, na hatathubutu kuagiza hata msumari kabla sijamfundisha habari za aloi. Je, naweza kumpa nafasi? Atakuja nyumbani kila Jumanne, hata kama ni mwaka mzima. Amesema mbele ya watu kwamba mwenye kujua ni mimi.

Nimemtazama machoni. Hakuna ujanja. Ni mtu tu anayetaka kuniuliza kitu.

Basi, nimempata!

Mpango ni huu. Nitamfundisha. Nitamfundisha kila kitu, kuanzia udongo, bila kuruka chochote. Somo la kwanza litachukua saa mbili na nusu. La pili saa tatu. Kufikia Pasaka atakuwa amechoka kabisa na alumini, atajiuzulu mwenyewe, na kiti kitarudi kwa mwenyewe bila beseni wala ushahidi.

Baada ya chakula cha mchana Teresiah ameuliza kama mambo ya wiki hii yamenifundisha lolote. Nimemwambia yamenifundisha mambo saba, nikaanza kumweleza moja baada ya jingine. Alilala kwenye la tatu.

Mbinu inafanya kazi!