Seva Ndani ya Gunia la Makala

Jumatatu, tarehe 5 mwezi wa pili, 2024

Aksanti Mungu, nimeamka hai. Mizinga ilinguruma upande wa Sake tangu asubuhi, na mtaa mzima ukaanza kuficha vitu. Wengine magodoro, wengine mbuzi. Mimi nimeficha seva ya studio. Mutu mwingine angeisukuma chini ya kitanda, pale pale mwizi anapochungulia kwanza. Mimi nimeizika ndani ya gunia la makala, yale makaa ya kupikia. Akili! Video zote za arusi tulizopiga zimo humo. Muzee Mbaraka, mwenye studio, yuko Bukavu. Akirudi atanipandisha cheo.

Jambo moja linaniudhi: flash yangu ya rumba haionekani, na asubuhi hii hii nilikuwa naisikiliza. Namshuku Éphraïm, fundi wa kompyuta hapo jirani. Anapenda rumba kupita kiasi. Nimewaeleza majirani wote.

Jumanne, tarehe 6

Mizinga imenyamaza, aksanti. Nimefukua seva, nikaifuta kwa shati, nikaiwasha. Ikakohoa vumbi jeusi. Kwenye kioo, mstari mmoja tu wa maneno meupe, basi. Nikazima, nikawasha. Vilevile. Nikaipiga kofi. Vilevile.

Ndipo akaingia Mama Philomène. Alikimbia vita kule Kiwanja, sasa anaishi kwenye hema huko Kanyaruchinya, na amekuja kwa miguu. Sisi ndio tuliopiga video ya arusi ya binti yake, Bénita. CD yao iliibiwa pamoja na vyombo vyote vya nyumba. Mume wa mama huyu, Papa Modeste, alifariki wakiwa njiani wanakimbia. Jumamosi familia inamaliza matanga, na hawana hata picha yake moja. Lakini kwenye video anasimama, anambariki binti yake.

“Bénita ana mutoto sasa,” akasema. “Nataka asikie sauti ya babu yake.”

Nikamwambia video iko tayari, aje Ijumaa. Mdomo huu! Hakuna aliyeutuma.

Jumatano, tarehe 7

Mpango wa kwanza. Nikamwambia Éphraïm kwamba huko Katindo watu wanasema hakuna fundi Goma hii anayeiweza seva. Nilitegemea atakuja mbio kuwaonyesha. Akajibu kwamba habari za Katindo hazijui, ila hapa mtaani amesikia anaitwa mwizi wa flash. Niombe kwanza msamaha. Mimi? Nina heshima zangu.

Mpango wa pili. Nikaipakia seva kwenye chukudu, baiskeli yetu ya mbao ya mizigo, hadi kwa kwado, yule anayeziba matairi, aipulizie upepo kwa mashine yake. Akapuliza. Vumbi lote likamvaa mchungaji aliyekuwa anapita na suti nyeupe. Nikangoja matusi. Mchungaji akajipangusa uso, akaweka mkono juu ya seva, akaiombea. Watu wema bado wapo mjini hapa! Seva imetoka safi kabisa. Ila haiamki, mstari ni ule ule.

Alhamisi, tarehe 8

Muzee amepiga simu. Anarudi kesho kwa boti. Akauliza habari za seva, nikamwambia imepumzika.

Mpango wa tatu, naandika kwa aibu. Nikavaa koti na kofia, nikasimama nikiipa kamera mgongo, nikafanya sauti nzito: Bénita, mwanangu, nakubariki. Giza kidogo, picha iruke-ruke, nani atajua? Kisha nikajisikiliza. Nikamfikiria yule mutoto akikua na sauti yangu akidhani ni ya babu yake. Machozi yakanitoka. Nikafuta kila kitu, nikaenda kwa Éphraïm bila kuvua koti, nikamwomba msamaha mbele ya wateja wake. Akasema atakuja asubuhi. Hata hakunicheka.

Ijumaa, tarehe 9

Éphraïm akaizungusha seva, akachungulia mgongoni, akaingiza vidole nyuma ya waya, akachomoa kitu cheusi kwa vumbi la makala. Flash yangu! Niliichomeka Jumatatu nisikilize rumba wakati nafungasha. Akanieleza kwamba kila seva ilipotaka kuamka, ilikwenda kwanza kwenye flash, ikakuta nyimbo tu, ikakwama hapo. “Mwizi wako ni huyu,” akasema, akiigusa seva. Akawasha. Ikaamka.

Mama Philomène akafika. Papa Modeste alisimama kwenye kioo, koti limembana, akasema, “Bénita mwanangu, nyumba yako isikose wageni.” Mama hakulia. Akaomba turudie. Tukarudia. Muzee Mbaraka akaingia na mizigo yake ya boti, akatazama, akamvutia mama kiti chake mwenyewe.

Hatukuwa na CD. Nikafuta rumba yangu yote kwa mkono wangu, nikamwekea video kwenye flash ile. Mama akanishika mikono yote miwili. Aksanti Mungu, aksanti Éphraïm.

Jumamosi, tarehe 10

Muzee amekwenda matangani na laptopu yake ili familia imwone Papa Modeste. Mimi nalinda studio. Na mizinga hiyo tena!

Lakini sasa nimejifunza. Makala ina vumbi, ni chafu. Leo nimeizika seva ndani ya gunia la unga wa mihogo. Mweupe, laini, safi. Éphraïm, Mungu ambariki, ameniazima flash yake ya rumba. Nimeiacha imechomekwa huko huko kwenye seva, isije ikapotea.